Kijiji Chetu Kiliandikwa kwa Penseli

Sisi tuliopita darasani kwake tulimwita Prof. Mjini kwetu Butembo kila mwalimu wa sekondari ni Prof, hata yule anayefundisha kuruka kamba, lakini ukisema Prof na kunyamaza, watu wa rika langu wanajua unamsema nani: yule wa jiografia na historia, mwenye koti la mvua la kijani alilovaa hata siku za jua, aliyetembea katikati ya barabara na kuwapigia watu wa pikipiki honi kwa mdomo wake mwenyewe. Jina lake silitaji. Yeye aliandika majina ya vijiji vya watu maisha yake yote na lake hakuliandika popote, hata pembeni ya ramani ambapo wachoraji huweka sahihi. Alizaliwa wapi na nani, hayo hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza, alikuuliza wewe mto Semuliki unatoka ziwa gani.

Ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa ramani ya bonde la Semuliki. Aliichora mwenyewe kwenye karatasi ngumu nne alizoziunganisha kwa gundi: mto kwa rangi ya buluu, kutoka ziwa la kusini ukipindapinda hadi ziwa la kaskazini, milima yetu ya magharibi kwa kahawia, na mashariki Ruwenzori, ambayo vilele vyake aliviacha bila rangi kwa sababu karatasi ilikuwa nyeupe tayari na yeye hakupenda hasara. Majina ya vijiji yalikuwa ya aina mbili. Ya wino yalikuwa ya vijiji vilivyofutwa wakati wa Wabelgiji, ambavyo hakuna wa kuvirudia. Ya penseli yalikuwa ya vijiji vilivyokimbiwa siku zetu hizi kwa vita, ambavyo wenyewe bado wanasubiriwa. Chetu, Kamukohwa, kiliandikwa kwa penseli, ukingo wa magharibi, pale kijito kinapoingia mtoni.

Maadamu kilibaki kwa penseli, mama yangu aliamini kwamba baba yu hai. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote ninayokumbuka juu ya Prof, hata yale ya kuchekesha, nayakumbuka kwa kupitia hapo.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nimeanza kuuza madaftari na kalamu sokoni Butembo wakati watu wenye mapanga walipoingia Kamukohwa. Mama alitoka na sufuria moja na kitenge alichovaa. Alitembea hadi Mbau, akapita Mavivi akiwa juu ya gari la mbao, akalala Beni kwenye uzio wa kanisa, akanifikia siku ya tano. Baba alikuwa amebaki kuangalia kakao iliyoanikwa. Hakuna aliyemwona akianguka na hakuna aliyemwona akitoka.

Mama akakaa nami Vulamba, palepale Butembo, kwenye kiwanja changu, akalima nyuma ya nyumba. Alipanda maharagwe, lengalenga na viazi, vitu vya msimu mmoja. Mgomba hakuutaka. Kwetu mtu aliyepewa shamba kwa muda analima maharagwe na mahindi, lakini hapandi mgomba wala kahawa wala mti wowote, kwa kuwa anayepanda kitu cha kudumu anasema kwamba haondoki tena. Nilimweleza mara nyingi kwamba kiwanja ni changu, nilikinunua, na hakuna wa kumfukuza.

“Ni yako,” alinijibu. “Miye niko mugeni. Siku baba yako anatuma mutu kuniita, nitaachia nani migomba?”

Niliporudi kutoka kwa Prof, ambaye nilimpelekea karatasi na penseli kila alipohitaji, mama alikuwa na swali moja. Hakuuliza habari ya mzee wala ya mke wake, ila ya jina la kijiji tu, na penseli aliiita crayon kama wengi wa kwetu.

“Ingali na crayon?”

“Ingali.”

Basi, alirudi kwenye maharagwe yake.

Siku mama alipoandikiwa jina la kijiji tulikwenda wawili. Prof alimpa kiti, akamshika mkono kwa mikono miwili kama tunavyowashika wazee, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mzee zaidi. Kisha akamhoji kama askari wa mpakani. Ukingo gani? Kijito gani, na kinakauka kiangazi au hakikauki? Kutoka kwenye daraja ni mwendo wa asubuhi moja au siku nzima? Mama alijibu yote. Mwisho akauliza nani amebaki, na mama akasema jina la baba. Prof alichonga penseli kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Hii crayon inafutika?” mama akauliza.

“Inafutika, mama.”

“Basi andika.”

Darasani Prof alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mkali, na nitasema kweli, wakati mwingine alikuwa mkali bila sababu. Ukiandika kwenye mtihani kwamba bonde lilikuwa na “vijiji kadhaa”, alikupa sifuri na kuandika pembeni kwa Kifaransa: je, nyumbani kwenu mna watoto kadhaa? Hakujua kusifu. Mara moja tu aliniambia kwamba mwandiko wangu unasomeka, nami nikatembea na neno hilo wiki nzima. Wake ulikuwa mzuri kupita kiasi na alijua. Alikuwa akiandika neno ubaoni, anarudi nyuma hatua mbili, anainamisha kichwa, anaongeza mkia kwenye herufi.

Somo lake la kwanza halikuwa darasani. Alitupandisha mlima ulioko mashariki mwa mji, akiwa amebeba bidoni ya maji begani na akikataa kusaidiwa, hadi mgongoni kabisa ambako upepo unatoka pande zote mbili. Akamimina maji juu ya jiwe. Mengine yakaelekea mashariki, mengine magharibi.

“Hii inashuka ku Semuliki,” akasema, “inafika ku Nili, batu ba Misri banaikunywa. Ile inashuka ku Kongo, mpaka ku océan. Ilikuwa mu bidon moja. Hapana itakutana tena.”

Tukacheka, kwa kuwa tulikuwa watoto na tulikuwa tumetoka nje ya darasa. Yeye alisubiri tumalize, akamimina yaliyobaki, akatuambia tuangalie tena.

Lakini somo ambalo hakuna aliyelisahau ni la kiboko. Aliingia asubuhi moja akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa dirishani, mstari wangu. Akasema hapa kuna ugonjwa, kuna mbu, kuna mbung'o, tokeni na vitu vyenu. Tukadhani ni mzaha. Akagonga dawati kwa rula na tukatoka, tukasimama uani katika manyunyu saa nzima tukiwasikia wenzetu wakiendelea na somo. Tulipoitwa ndani tulikuta ameandika kwa chaki kwenye kila dawati letu neno moja: kiboko.

“Ugonjwa ilisha kuisha,” akasema. “Mais sasa fasi hii ni ya banyama. Nyinyi kaeni nyuma na bandugu benu.”

Tulingoja aseme kwamba mchezo umekwisha. Hakusema. Tukabanana nyuma watatu watatu siku ile, na siku iliyofuata, na muhula mzima, huku madawati sita yakiwa matupu kando ya dirisha. Wenzetu tuliowabana walianza kutuchukia, na sisi tulianza kuwachukia wao, na hakuna aliyemchukia kiboko. Wazazi walilalamika. Mkuu wa shule alimwita. Prof alimjibu kwamba watu wa bonde walisimama kwenye manyunyu hayo tangu enzi za babu zao na hakuna mkuu aliyewaita ofisini.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza historia ya nyumbani kwetu, mimi niliyezaliwa humohumo bondeni na sikuwa nimewahi kuisikia. Kwamba Wabelgiji walikuta malale yanaua watu kando ya mto. Kwamba daktari alipita kijiji kwa kijiji na wasaidizi wake, wakiwashika watu shingoni kutafuta uvimbe, na wenye uvimbe wakapelekwa kambini, na wazima wakaamriwa kupanda milimani, kwenye baridi, kwa watu wengine. Kwamba nyumba zilichomwa ili mtu asirudie njiani. Na kwamba baadaye, ugonjwa ulipopungua, waliotaka kushuka waliambiwa sehemu kubwa ya bonde sasa ni hifadhi ya wanyama. Vijiji kama chetu vilikuwa vya wale walioshuka hata hivyo, pembeni pembeni, wengine miaka mingi baadaye.

Majina ya wino yalikuwa ya wakati huo. Mengine aliyapata kwa wazee. Yeye alikuwa Mprotestanti asiyeonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hata kwa harusi, lakini hakukosa msiba wa Mkatoliki yeyote aliyezidi umri fulani. Alikaa na wazee wa kiume penye moto akiuliza mama wa marehemu alitoka kijiji gani, na mama yake huyo mama. Watu walimcheka kwamba anakuja kuzika ramani yake. Alikula chakula cha msiba kama wengine, akaosha mikono, akaandika.

Kuna neno alilolikataza. Vita vilipozidi, watu wakaja Butembo kutoka kila upande, kutoka Beni na vijiji vyake, na baadaye hata kutoka kusini, Kanyabayonga, wakiwa na magodoro kichwani, na mjini kila mtu akawaita déplacés, yaani waliohamishwa. Siku moja nilikuwa naye barabarani na mwanamke mmoja akajitambulisha hivyo, kwamba yeye ni déplacée anaomba kazi ya kufua. Prof akasimama katikati ya pikipiki.

“Déplacé ni kiti, mama,” akamwambia. “Mutu, banamufukuza. Sema: balinifukuza.”

Mwanamke akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema balinifukuza. Prof akampeleka kwa mke wake, ambaye hakuwa na nguo za kufuliwa, na zikapatikana.

Sasa niseme la ajabu zaidi juu yake. Hakuwahi kufika bondeni. Mtu aliyejua kila kijito kwa jina, aliyejua kipi kinakauka mwezi gani, hakuwahi kushuka hata hadi darajani, ambako lori lolote la Kasindi lingemfikisha kabla ya chakula cha mchana. Zamani, kabla ya vita, wanafunzi walichanga ili waende naye. Asubuhi ya safari aliugua tumbo. Mwaka uliofuata aliugua mgongo. Tukasema Prof anaogopa viboko, na mchekeshaji wa darasa akachora kiboko amevaa koti la kijani. Aliuona mchoro ule, akausahihisha meno, akaurudisha.

Nilimuuliza siku moja sokoni, akiwa ananunua vifutio, kwa nini hashuki.

“Nikifika kule nitasalimia nani?” akasema, akaondoka bila kungoja nimpe chenji.

Kuna pia habari ya tundu. Mtu mmoja wa kijiji cha juu ya mto alimjia akisema amebaki peke yake, wenzake wote wamekwisha, na anaomba kijiji kiandikwe kwa wino ili aweze kuondoa matanga na kulala usingizi. Alilia sana. Prof akachukua bic, akafuata herufi za penseli kwa wino, na mkia mzuri mwishoni. Miezi ikapita. Mchana mmoja mwanamke akabisha hodi, na nyuma yake watu saba, miguu imevimba. Walikuwa wamezunguka msituni muda wote huo. Mwanamke alikuwa dada wa yule mtu aliyelia.

“Nasikia tulisha kufa,” akasema.

Prof akampa kiti. Akakikataa.

“Toa sisi mule.”

Wino haufutiki. Prof alileta wembe akaanza kukwangua, polepole, naye mwanamke amesimama juu ya bega lake, hadi karatasi ikatoboka na ukuta ukaonekana. Yule mama aliutazama ukuta pale kijiji chake kilipokuwa.

“Sasa hii ni nini?”

“Ni kosa yangu, mama.”

Mke wake ndiye aliyenisimulia, na alisema katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema maneno hayo, hata alipochoma kiti cha mkwe wake kwa pasi. Prof alibandika kipande cha karatasi kwa nyuma, akaandika jina upya kwa penseli. Kipande hakikulingana rangi na kimebaki kama kiraka cha suruali.

Tangu siku ile hakuandika kitu kwa wino. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuzia, kwa hiyo najua: penseli tu, na vifutio. Watu walikuja na habari zisizo na shaka, waliozika kwa mikono yao, na yeye akaandika kwa penseli. Mjini wakaanza kusema mzee amechoka, kila kitu kwake sasa ni penseli, haimaanishi kitu tena. Mama aliposikia habari ya tundu alifurahi.

“Muzuri,” akasema. “Akuwe mwoga.”

Lakini mimi sikufurahi. Maneno ya watu yaliniingia. Nilianza kuona kwamba nyumbani kwangu kuna mwanamke asiyepanda mgomba kwa sababu ya alama ya risasi ya penseli, na kwamba alama hiyo huenda ni hofu ya mzee na si kitu kingine.

Halafu mwaka huu, msimu wa mvua ukianza, jirani yetu wa zamani wa Kamukohwa alinikuta sokoni. Alikuwa amethubutu kushuka na watu wa kakao akarudi salama. Alinisalimia, akaulizia mama, akanunua daftari ambalo hakulihitaji. Ndipo akasema. Kakao yetu inavunwa na watu asiowajua. Nyumba imeliwa na majani, mlango haupo. Kwa baba hakuwa na neno lolote, la heri wala la shari. Alikuwa ameita jina lake mara tatu pale mlangoni, akasema, kisha akaona aibu.

Mama sikumwambia. Nilifunga meza mapema nikaenda kwa Prof, nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa juu yake kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumkasirikia.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mke wake alinifungulia, akanipa kitambaa nijifute, akarudi jikoni. Prof alikuwa amekaa mbele ya ramani na koti lake la kijani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Alinitambua kwa sauti. Sikukaa.

“Prof, niambie kweli. Kamukohwa ni ya crayon juu batu batarudia, ao ni ya crayon juu unaogopa?”

Akapapasa kiti kilichokuwa kando yake.

“Kaa kwanza, mwanangu,” akasema.

Nikakaa. Ndipo aliponiambia jambo ambalo nadhani mke wake tu ndiye aliyelijua. Baba yake hakufukuzwa bondeni. Baba yake alikuwa msaidizi wa yule daktari. Alivaa kofia nyeupe na alitembea mbele, kijiji kwa kijiji, kwa sababu alijua lugha, na mikono iliyowashika watu shingoni ilikuwa yake.

“Munganga hakukuwa anagusa batu,” Prof akasema. “Alikuwa anaandika. Baba njo alikuwa anagusa. Huyu kambini, huyu kilimani. Kisha njo anawasha moto ku nyumba.”

Na katika kila kijiji, mama fulani alimuuliza watarudi lini. Baba yake alijibu kila mahali vilevile: misimu miwili tu. Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Alisema ili watu waondoke bila fujo, na pengine ili yeye mwenyewe aweze kulala. Alipozeeka na homa ikampanda kichwani, alilala kitandani akiita majina ya vijiji kwa mpangilio, kutoka kusini kwenda kaskazini, kama alivyovitembea, na baada ya kila jina akasema misimu miwili. Prof, kijana wakati huo, alikaa kando na daftari la shule. Majina ya kwanza ya wino yalitoka hapo.

“Ile ya wino yote, baba yangu alisha kuyafunga,” akasema. “Miye niliandika tu. Halafu huyu mutu akakuja analia, nikafunga moja na mukono yangu. Na benyewe bakakuja ku mulango.”

Nilimuuliza tena, kwa upole sasa, penseli inasema nini.

“Crayon hapana inasema batarudia, mwanangu. Inasema miye siko mutu wa kusema hapana.”

Nililia. Sikujificha, wala yeye hakujifanya haoni, ingawa kweli hakuona. Nilimwambia habari za jirani, mlango, majani, kakao. Alisikiliza akiwa ameshika magoti. Kisha akapapasa mezani akapanga vitu vitatu mbele yangu: bic, penseli, kifutio. Bic ilikuwa ya zamani, wino umeganda ncha.

“Crayon inafifia,” akasema. “Kila likizo ya Pasaka napita tena juu ya majina yote. Sasa macho hapana. Mwaka huu nilipita na vidole. Weye ni mutu wa kule. Angalia yako, fanya vile roho inakuambia.”

Nikasimama nikaisogelea ramani. Kwa mara ya kwanza nikaiona kwa karibu. Kila jina la penseli lilikuwa limechimba karatasi, mwaka juu ya mwaka, hadi ungeweza kulisoma kwa kidole. Na mwaka huu mkono ulikuwa umepotea: majina yalikuwa mawili mawili, la zamani na kivuli chake kando. Kamukohwa yetu mpya ilikuwa imeteleza. Ilikuwa imeandikwa ndani ya mto, katikati ya buluu, na ile ya ukingoni ilikuwa imefifia kabisa.

Sikumwambia. Nilichukua kifutio nikafuta ile ya mtoni. Ilifutika kirahisi. Halafu nikafuta na mabaki ya ile ya ukingoni ili niandike safi, na kwa muda ule, kifutio mkononi, hapakuwa na Kamukohwa popote duniani ila mfereji mdogo kwenye karatasi. Nilishika bic. Nakiri. Niliishika nikafikiria mama akipanda migomba, akilala usingizi, akimlilia mumewe kama watu wanavyoliliwa, na shughuli ikamalizika. Niliiweka ncha karibu na karatasi.

 Mvua ilikuwa imepungua na nilisikia mke wa Prof akipakua chakula.

Nikaiweka bic chini, nikachonga penseli, nikaandika jina katika mfereji wake uleule, kwa mwandiko wangu unaosomeka. Halafu nikaendelea na jirani yake, na jirani wa jirani yake, nikiyatoa yaliyoteleza na kuyarudisha ukingoni. Nilikaa hadi mke wake akatuita mezani. Prof alikula kidogo. Nilipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili kama alivyomshika mama siku ile.

“Wasingya,” akasema kwa Kinande. Asante. Sikumwona tena. Alikufa kabla mvua hazijaisha, na ramani iko kwangu sasa, nyuma ya kabati, mbali na unyevu.

Lakini jioni ile bado alikuwa hai, nami nilirudi Vulamba na vidole vyeusi kwa risasi ya penseli. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, ndani hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma. Mama alikuwa ameinama kwenye pipa akiosha jembe. Kando ya uzio, mahali palipokuwa na viazi, udongo ulikuwa umepasuliwa na shimo limefukiwa upya, na katikati yake ulisimama mche wa mgomba, majani yake yamekatwa juu kama inavyotakiwa.

Alijua kwamba nimeuona. Aliendelea kuosha jembe. Baadaye nilipata kujua kwamba yule jirani alianzia nyumbani kabla ya kunifuata sokoni, na kwamba mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba asiniambie kwamba amepitia kwake.

“Ingali na crayon?” akauliza.

“Ingali, mama.”

Akaning'iniza jembe kwenye msumari wake, akachukua kopo la maji, akamwagilia ule mche taratibu, upande huu na upande ule.

“Muzuri,” akasema. “Usimuambie Prof kama nilipanda.”

Sikumwambia.